Nyuki Dume Hana Baba: Hesabu Iliyofichika Katika Uzazi wa Viumbe

Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango.

Jibu kila mtoto analijua: yai. Lakini chukua yai la kisasa kutoka kwenye trei ya dukani, lile lililotagwa na kuku ambaye hajawahi kumwona jogoo, uliweke chini ya kuku wa kienyeji anayeatamia. Atalilalia siku 21 zote. Vifaranga wa mayai yake mwenyewe watapasua maganda na kutoka, na lile la kisasa litabaki vilevile, limeoza. Nyumba ilikuwa haina mlango, na ndani hamkuwa na mpangaji.

Sasa nenda kwenye mzinga. Malkia wa nyuki naye hutaga mayai ambayo hayajakutana na mbegu ya dume. Kwa kanuni ya kuku, yangeoza. Yanaanguliwa! Tena kila linaloanguliwa hutoa nyuki dume, mzima wa afya, mwenye mabawa na macho makubwa kuliko ya dada zake. Hana baba, na hajawahi kuwa naye.

Nilipokuwa shuleni, habari za namna hii zilikuja mwisho wa somo, dakika tano kabla ya kengele, kama vichekesho. Somo lenyewe lilikuwa chati ya ukutani: yai na mbegu, mimba, mtoto, mtu mzima, kisha mshale unazunguka kurudi mwanzo. Viumbe wengine walipimwa kwa chati hiyo, na wasioenea waliitwa maajabu. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba chati ndiyo iliyokuwa finyu. Nyuma ya mizunguko yote hiyo kuna hesabu moja ndogo ya kuzidisha na kugawanya kwa mbili, na kila kiumbe anaifanya kwa ratiba yake. Ukiishika hesabu hiyo, nyuki, vimelea vya malaria, mwani na hata tui la nazi vinapangika vyenyewe.

Moja, mbili, moja

Karibu kila seli ya mwili wako ina nyuzi ndogo za urithi ziitwazo kromosomu, 46 kwa jumla. Usizihesabu kama 46. Zihesabu kama seti mbili za 23, seti ya mama na seti ya baba, mithili ya madaftari mawili ya mapishi yaleyale yaliyoandikwa na wapishi wawili. Pilau ipo kwenye madaftari yote mawili, ila huyu anatia bizari nyingi na yule anatia kidogo. Kuku naye ana seti mbili, kila moja ya kromosomu 39.

Yai na mbegu ya kiume vinapoungana, seti mbili zinapatikana kwa kujumlisha: moja na moja. Hapo ndipo tatizo linapozuka. Kama baba na mama wenye seti mbilimbili wangetoa kila walicho nacho, mtoto angekuwa na seti nne, mjukuu nane, kitukuu kumi na sita. Baada ya vizazi vichache seli zingepasuka kwa shehena. Kwa hiyo lazima pawepo mahali ambapo mbili inarudishwa kuwa moja. Mjerumani August Weismann alilisema hilo mwaka 1887 kwa hoja tu, wakati wenye hadubini walikuwa bado wanabishana juu ya walichokiona. Kitendo hicho cha kupunguza nusu ndicho vitabu vya shule vinakiita meiosisi. Na hakipunguzi kiholela. Kabla ya kugawa, madaftari mawili hulazwa sambamba na kubadilishana kurasa, kwa hiyo kila yai na kila mbegu huondoka na daftari jipya lisilofanana na la bibi wala la babu.

Matendo ni hayo mawili tu: kuungana, ambako moja huwa mbili, na kupunguza, ambako mbili huwa moja. Kukua, kula, kuugua, kuhama, kupigana, yote yako katikati ya matendo hayo. Swali ambalo chati ya ukutani haikuliuliza ni hili: kiumbe anaishi upande gani wa duara? Upande wa seti mbili, au upande wa seti moja?

Sisi na kuku, pamoja na ng'ombe na samaki, tunaishi upande wa seti mbili. Seti moja kwetu ni ya seli za safari tu, yai na mbegu, ambazo hazikui wala hazili zenyewe. Zinakutana au zinakufa. Kwa kuwa sisi ndio tunaoandika vitabu, tumeuchukulia utaratibu wetu kuwa ndio kanuni.

Mzinga

Malkia wa nyuki hupandwa angani, mwanzoni mwa maisha yake, na madume kadhaa. Kila dume hufa palepale, kiungo chake kikiwa kimekatikia mwilini mwa malkia. Mbegu alizopokea malkia huziweka kwenye kifuko tumboni na kuzitumia kwa miaka. Anapotaga, huingiza kichwa tunduni na kupima upana wa tundu kwa miguu ya mbele. Tundu jembamba: anaachia mbegu kidogo, yai linarutubishwa, anazaliwa jike mwenye kromosomu 32. Tundu pana: anabana kifuko, yai linapita kavu, anazaliwa dume mwenye kromosomu 16. Seti moja tu, mwili mzima.

Aliyeligundua jambo hili ni padri, Jan Dzierzon, mfugaji nyuki wa Silesia, eneo ambalo leo liko Poland. Alilitangaza mwaka 1845, na wengi wa wafugaji wenzake hawakumkubalia upesi. Nawaelewa. Fuata nasaba ya dume mmoja uone inavyokwenda: mzazi ni mmoja, mama. Hatua ya pili nyuma ana bibi na babu, wawili. Ya tatu, watatu. Ya nne, watano. Ya tano, wanane. Hana baba lakini babu anaye. Hawezi kupata mtoto wa kiume, ila mjukuu wa kiume anaweza kumpata. Na kwa kuwa ana daftari moja tu, hana cha kupunguza: mbegu zake zote ni nakala za seti ileile. Ndiyo maana nyuki watenda kazi waliochangia baba wanashabihiana kwa damu kuliko ndugu wa kawaida: nusu ya urithi wao, ile ya baba, ni ileile neno kwa neno.

Je, ukuta kati ya kuku na nyuki ni mrefu kiasi gani? Si mrefu kama unavyodhani. Katika miaka ya 1950, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, Maryland, Marekani, mayai ya bata mzinga ambayo hayakurutubishwa yalianza kukua yenyewe, na machache yakaanguliwa. Wote walikuwa madume. Lakini hao walikuwa wameifanya hesabu kwa njia nyingine: yai lenye seti moja lilijirudufu na kuwa na seti mbili zinazofanana. Mwili wa ndege hauendeshwi kwa daftari moja, na wa nyuki unaendeshwa.

Nitaje hapa jambo linalowachanganya wengi, kisha niliache. Jinsia na idadi ya seti ni mambo mawili tofauti. Kwa nyuki yameshikana, kwingine hayajuani kabisa. Mayai ya kasa yanayofukiwa mchangani hutoa majike mchanga ukiwa wa moto na madume ukiwa wa baridi kidogo, seti zikiwa mbili kwa wote. Chewa wengi wa kwenye miamba huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakikua, hivyo mvuvi anayewaondoa wale wakubwa tu anaondoa waume. Mpapai unaweza kuwa dume, jike, au wenye vyote viwili kwenye ua moja. Wote hao seti zao ni mbilimbili, kwa hiyo turudi kwenye hesabu.

Harusi tumboni mwa mbu

Mfano ulionibadilisha mawazo ni malaria. Huwa tunamfikiria mtu kuwa mwenye ugonjwa na mbu kuwa tarishi tu, mchukuzi wa barua. Ukitazama kwa hesabu ya seti, mambo yanageuka.

Mbu jike wa Anopheles akikuuma anaacha vimelea vichache pamoja na mate yake. Kila kimoja kina seti moja, kromosomu 14. Vinakimbilia ini, na ndani ya seli moja ya ini kimelea kimoja cha Plasmodium falciparum, ambacho ni kikali kuliko wenzake, hukaa takriban wiki moja kikigawanyika hadi kutoa makumi elfu ya watoto. Huumwi wala hujui. Kisha vinamwagika kwenye damu, vinaingia chembe nyekundu, na kila baada ya kama saa 48 chembe hizo hupasuka na kuachia vingine kumi na kadhaa hadi thelathini hivi. Kupasuka huko ndiko kunakoleta homa na kutetemeka. Mamilioni, na baadaye mabilioni ya vimelea, na vyote vina seti moja. Hakuna kuungana wala kupunguza. Ni kunakili tu, siku hadi siku.

Baadhi yake huacha kunakili. Hukua polepole, kwa falciparum siku kumi au zaidi, vikawa na umbo la mwezi mwandamo, vingine vya kiume na vingine vya kike. Havikuletei homa. Vinazunguka kwenye damu vikisubiri kitu kimoja: mbu mwingine.

Akifika na kunyonya, damu inapoa, na kemikali za tumboni mwa mbu zinatoa ishara. Ndani ya kama dakika 15 kimelea cha kiume hujigawa na kutoa nyuzi zisizozidi nane, zinazochapa kama mijeledi. Hizo ndizo mbegu za kiume. Uzi mmoja humwingia wa kike, na hapo tu, kwenye tumbo la mdudu, kimelea cha malaria hupata seti mbili. Hakai nazo. Katika muda wa siku moja hivi kupunguza kumekwishafanyika, ukuta wa tumbo umetobolewa, na uvimbe mdogo unaanza kukua upande wa pili ambamo maelfu ya vimelea vipya vya seti moja vinatengenezwa. Wiki mbili hivi baadaye mate ya mbu yako tayari.

Kwa hiyo, tukifuata lugha ya uzazi kwa ukali, ukumbi wa harusi ni mbu. Sisi ni shamba la vipando: mahali pa kunakili mpaka wingi utoshe.

Mtu wa kwanza kuviona vimelea hivi, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran, aliamini kuwa ni viumbe hai kwa sababu ya nyuzi zilezile. Ilikuwa tarehe 6 Novemba 1880, mjini Constantine, Algeria. Aliweka damu ya mgonjwa kwenye kioo, ikapoa, na nyuzi zikaanza kuchapa mbele ya macho yake. Kimelea kilidhani kimefika kwa mbu. Laveran hakujua kwamba alikuwa anatazama mbegu za kiume. Hilo lilijulikana mwaka 1897, William MacCallum alipoona kwenye damu ya kunguru uzi mmoja ukimwingia wa kike wa kimelea cha jamaa moja na malaria. Mwezi Agosti mwaka huohuo, huko Secunderabad, India, Ronald Ross akakuta vile vivimbe kwenye tumbo la mbu.

Elimu hii ina kazi mpaka leo. Dawa mseto humaliza vimelea vinavyopasua chembe za damu, mgonjwa akapoa na kurudi shambani. Lakini vile vya umbo la mwezi vilivyokwisha kukomaa ni sugu zaidi, na mtu aliyepona anaweza kumwambukiza mbu kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu katika maeneo yenye maambukizi machache Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi moja ndogo ya primakwini juu ya dawa ya kawaida. Kidonge hicho hakimponyi aliyekimeza. Kinavunja harusi ya kesho.

Mimea inaishi pande zote mbili

Wanyama wengi wako upande wa mbili, malaria iko upande wa moja. Mimea haikuchagua. Inaishi maisha mawili kamili, kwa zamu.

Kuvumwani wa kijani (moss kwa Kiingereza) unaopanda kwenye ukuta wa kisima una seti moja. Ule ujiti wa kahawia unaochomoza juu yake baada ya mvua una seti mbili. Ni mtoto anayesimama kichwani mwa mama yake, na kazi yake ni kupunguza na kutawanya vumbi la spora, chembe ndogo zinazoota zenyewe. Kwenye jimbi (si lile la kuliwa, bali fern kwa Kiingereza) mambo yamegeuka: mmea mkubwa wenye majani ya kuchongoka una seti mbili, na maisha yake mengine ni kijani kidogo chenye umbo la moyo, kisichofika ukubwa wa ukucha, kimejibanza kwenye udongo wenye unyevu. Watu walikuwa wakikikanyaga kwa karne nyingi bila kujua kwamba nacho ni jimbi. Aliyeonyesha mwaka 1851 kwamba mimea yote hii inafuata zamu ileile alikuwa Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, mfanyabiashara wa vitabu na karatasi za muziki, ambaye hakuwa amekanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi.

Mimea ya maua imebana maisha ya seti moja mpaka hayaonekani. Upande wa kiume ni punje ya chavua, seli mbili au tatu tu. Upande wa kike, kwa mimea mingi, ni seli saba zilizofichwa ndani ya ua. Na hapa hesabu inafanya jambo ambalo watu wa pwani wanalila kila siku bila kulijua.

Kiswahili kimeufuatilia uzazi wa mnazi hatua kwa hatua: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Ila majina hayo hayasemi kilichomo ndani ni cha nani. Chavua ikitua kwenye ua jike inaleta mbegu mbili za kiume, na zote zinatumika. Ya kwanza inaungana na yai: moja na moja, mbili. Huyo ndiye mtoto, mnazi wa kesho. Ya pili inaungana na seli ya jirani ambayo tayari imebeba seti mbili za mama: mbili na moja, tatu. Huyu wa seti tatu hatakuwa mti kamwe. Yupo ili aliwe na ndugu yake. Mrusi Sergei Nawaschin aliugundua mwungano huu wa pili mwaka 1898, akichunguza mimea ya jamii ya yungiyungi.

Kwenye mnazi, ndugu huyo wa seti tatu huanza akiwa maji. Viini vyake vinagawanyika vikielea, bila kuta za seli: hilo ndilo dafu unalolinywa kwa mrija ufukweni. Kisha vinatua ukingoni, vinajijengea kuta, vinakuwa utando laini wa kukwangua kwa kijiko, na mwishowe nyama ngumu. Unapokaa juu ya mbuzi ukikuna nazi, kinachoangukia kwenye sinia si mwili wa mnazi wala si mtoto wake. Mtoto ni kile kijiti cheupe kidogo kilichojificha chini ya jicho laini, moja kati ya yale matatu. Nazi ikiota, kijiti hicho hutoa dude la sponji, tamu, linalojaza tundu lote na kunyonya nyama polepole. Watoto wa pwani hulipigania.

Wali ni huyohuyo ndugu wa seti tatu, na sembe pia. Dona ina ndugu pamoja na mtoto. Maharage ni kinyume: mtoto amekwisha kumla nduguye zamani, kabla ya ganda kukauka, na zile nusu mbili za harage ni majani yake ya kwanza yaliyonenepa. Sahani ya wali maharage, basi, ina ndugu upande huu na mtoto upande ule. Sikusudii kumharibia mtu chakula.

Mkulima anaweza kuyaona haya bila hadubini. Panda mahindi meupe karibu na shamba la mahindi ya njano, yachanue pamoja. Kwenye magunzi yako meupe utakuta punje za njano zimetapakaa, msimu huohuo. Chavua ya jirani imeingiza seti yake kwenye ndugu wa seti tatu, na rangi imeonekana papo hapo.

Mwani wa mcheza kamari

Kama kuna mahali ambapo kutojua upande wa pili wa duara kumewagharimu watu, ni Japani. Mwani wa nori, ule mwembamba wa kufungia wali, ulilimwa huko kwa karne kadhaa kwa kusimika fito na nyavu baharini na kusubiri. Mwaka mwingine ulishika, mwaka mwingine haukushika. Ukaitwa majani ya mcheza kamari. Kila kiangazi ulitoweka, na hakuna aliyejua ulikokwenda wala mbegu yake ilipo. Miaka ya baada ya vita mavuno yaliporomoka vibaya.

Jibu lilitoka Manchester, kwa mwanamke ambaye chuo kikuu kilikuwa kimemwondoa kwenye ajira ya uhadhiri kwa kosa la kuolewa, maana wakati huo hakikuajiri wanawake walioolewa. Kathleen Drew-Baker aliendelea na utafiti bila mshahara. Alichukua mwani wa Uingereza wa jamii moja na nori, akaweka spora zake kwenye maji pamoja na makombe, na spora zikaingia ndani ya makombe na kukua kama nyuzi nyekundu. Nyuzi hizo zilikuwa zinajulikana. Zilikuwa na jina lake, zikihesabiwa kuwa aina nyingine kabisa ya mwani. Mwaka 1949 akachapisha ukurasa mmoja na kitu kwenye jarida la Nature: viumbe viwili hivyo ni kimoja. Jani ni maisha ya seti moja. Nyuzi za kwenye kombe ni maisha ya seti mbili. Nori haikuwa inatoweka kiangazi. Ilikuwa chini, imelala ndani ya chaza.

Wajapani walielewa mara moja. Wakaanza kulea nyuzi kwenye makombe ndani ya matangi, maji yakipoa msimu wa vuli spora zinatoka, zinashika kwenye nyavu, nyavu zinapelekwa baharini. Kamari ikaisha. Drew-Baker alikufa mwaka 1957 bila kufika Japani. Mwaka 1963 wakulima wa Uto, Kumamoto, walimjengea mnara, na kila tarehe 14 Aprili wanakusanyika hapo kumkumbuka.

Kisa hiki humfikirisha yeyote aliyesimama Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka, akawaona akina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 kwa vipando vya Ufilipino, aina mbili: spinosamu na kotonii, ambayo ina bei nzuri zaidi. Kinachoitwa mbegu pale ni kitawi kilichokatwa kwenye mavuno yaliyopita. Ni kunakili, kama malaria kwenye damu. Mwani huu nao una duara lake, tena refu kuliko la nori, la vipindi vitatu, lakini shambani duara halizunguki: kitawi huzaa kitawi. Faida yake ni kwamba mkulima anajua atakachovuna. Hasara yake imeonekana maji yanapopata joto. Kotonii inapauka na kukatika, na kwa kuwa vitawi vyote ni vya nasaba finyu, kinachoua kimoja kinaua kamba nzima. Hakuna aliyechanganya karata, kwa hiyo hakuna mwenye karata tofauti.

Mgomba: hesabu iliyokwama

Kuna kitendawili kingine: kuku wangu katagia miibani. Nanasi. Kwa uzuri wa picha nakikubali, kwa biolojia nakikataa, maana nanasi la shambani halitagi. Halina mbegu, na linapandwa kwa maotea au kwa lile shungi la kichwani. Lakini bingwa wa kutokutaga ni mgomba.

Migomba ya porini huko Asia ya Kusini-Mashariki ina seti mbili, kila moja ya kromosomu 11, na ndizi zake zimejaa mbegu ngumu za kuvunja meno. Hapo kale, wakati wa kupunguza, mmoja wa wazazi alikosea na kutoa mbili badala ya moja. Mbili na moja, tatu: kromosomu 33. Mmea wa seti tatu hukua vizuri sana. Tatizo linakuja siku ya kupunguza. Madaftari matatu hayalazwi sambamba mawili mawili bila moja kubaki. Mgao unavurugika, yai halitengenezeki, mbegu haipo. Vidoa vyeusi katikati ya ndizi ndiyo makaburi yake.

Watu walipenda tunda lisilo na mbegu, wakalihamisha kwa machipukizi. Mgomba wenyewe huzaa mkungu mmoja na kufa, na chipukizi la pembeni linashika nafasi. Ndizi za kupika za Bukoba na za Uganda, ambazo zina majina mengi sana, ni za seti tatu, na kwa urithi zinakaribiana kama watoto wa mzazi mmoja. Kwa hiyo ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Ndizi ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya dunia, ilifagiliwa na mnyauko wa Panama, ugonjwa unaoletwa na kuvu, katikati ya karne ya 20, ikapokewa na Cavendish. Aina mpya ya kuvu huyohuyo, inayoiua Cavendish, ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013.

Dawa ya kudumu ni kulizungusha tena duara lililokwama. Nchini Uganda watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la nchi hiyo, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa, na migomba waliyoipata wameiita NARITA. Kazi yenyewe ni ya subira. Ua jike linapakwa chavua ya mgomba wa porini kwa mkono, alfajiri, kisha mkungu unafunikwa mfuko. Ndizi zikiiva zinapondwa na kuchujwa, na katika mkungu mzima wakati mwingine haipatikani hata mbegu moja. Ikipatikana, mara nyingi ni dhaifu: mtoto yumo, ila yule ndugu wa kumlisha hakukua sawasawa. Ukiipanda ardhini itakufa. Basi mtaalamu huipasua chini ya hadubini, humtoa mtoto, na kumweka kwenye chupa yenye chakula kilichotengenezwa.

Chakula cha kulea watoto wa mimea walioondolewa kwenye mbegu wakiwa wachanga kilisumbua maabara kwa muda mrefu. Sukari haikutosha, chumvi na vitamini havikutosha. Mwaka 1941, Johannes van Overbeek na wenzake huko Marekani walikuwa wanajaribu kulea vitoto vya mmea wa datura, vidogo kuliko punje ya chumvi, na havikukua. Wakatoboa nazi, wakamimina maji yake kwenye chupa. Vikakua.